Kwa Hema Ndogo Hata Chale

Msafiri atokaye Mombasa akavuka kivuko cha Likoni kwenda kusini aghalabu huijua njia ile kwa dirisha la gari: minazi hupita, mabango ya hoteli hupita, na kabla hajatulia kitini amekwisha fika Ukunda, akateremka, akapewa ufunguo wa chumba na kufunga mlango. Pwani ya Kwale haijionyeshi kwa mtu wa namna hiyo. Tangu Tiwi hata Msambweni ukingo wa bahari ni mfululizo wa vijiji, misikiti, misitu ya kaya, milango ya mito na mapango, ambavyo barabara kuu imevipita kwa mbali upande wa bara. Anayetaka kuviona hana budi kwenda kwa miguu, na aendaye kwa miguu hana budi kulala mahali jua linapomchwea. Kwa sababu hiyo mimi na binamu yangu tulitwaa hema ndogo ya watu wawili, tukaitia shantani, tukaagana kwamba shabaha ya hamu yetu ni kisiwa cha Chale, na kwamba tukishakiona tutaendelea mpaka miguu iseme basi.

Hema yenyewe haikufika kilo tatu kwa uzito. Urefu wake ulimtosha mtu mzima kunyoosha miguu, upana wake ulipungua kidogo dhiraa tatu, na kimo chake katikati kilimruhusu mtu kuketi bila kumruhusu kusimama. Ilikuwa na tabaka mbili: la ndani lilikuwa la wavu mwembamba wa namna ya chandarua, na la nje, lisilopenyeza maji, lilivikwa juu yake kama kanzu juu ya fulana, likaacha nafasi ya hewa kupita katikati. Watengenezaji wa vitu hivi hupima nafasi kwa mabega ya watu waliolala chali wakigusana, wala hawahesabu shanta, viatu, birika wala msala wa msafiri. Kwa hiyo hema iitwayo ya watu wawili ni ya watu wawili wasio na mali. Nitataja uzuri wake na dosari zake kwa insafu, lakini nitazitaja pale zilipojidhihirisha, maana hema ikiwa dukani haina sifa wala ila. Sifa na ila huzipata juu ya ardhi fulani na chini ya upepo fulani.

Tiwi

Tulianza Tiwi katika siku za maleleji, kaskazi imekwisha kuchoka na kusi haijashika zamu yake, wakati ambao bahari hulala na joto la mchana huwa zito. Pwani ya huko haikunyooka kwa mchanga mtupu. Jiwe la matumbawe limeinuka likafanya magenge yanayoitazama bahari, nalo wimbi limeyatoboa kwa miaka isiyo na hesabu likachimba mapango na vidimbwi. Na kimojawapo cha vidimbwi hivyo, ambacho huonekana maji yakipwa, kimechongeka kwa umbo la bara la Afrika, hata watoto wa hapo humwonyesha mgeni kwa kidole mahali ilipo Mombasa.

Udongo wa Tiwi ni tandiko jembamba juu ya jiwe. Kigingi kikizama vidole vinne hugonga mwamba na kupinda, na mtu mwenye hema ya kizamani, ile isiyosimama illa kwa kamba zilizokazwa pande zote, angekesha akitafuta ufa wa kutia chuma chake. Hapo ndipo hema ndogo ya fito inapodhihirisha fadhila yake ya kwanza: fito zake mbili za alumini zikipindwa na kukutanishwa utosini, husimama yenyewe, na pembe nne zikifungiwa mawe, yatosha.

Tulikuwa tukichagua kivuli cha kuisimamisha, mgema mmoja akashuka mnazini, kibuyu chake kiunoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza kama tulikuwa na nia ya kulala pale. Tukasema ndiyo, akituridhia.

"Mimi nawaridhia, wanangu, lakini mnazi haujaridhia," akasema. "Nazi ikianguka usiku haibishi hodi. Nendeni kwenye mvinje ule."

Tukahamia chini ya mvinje, ambao majani yake membamba hutandika ardhi ikawa laini na hayamwangushii mtu kitu kizito, tukalala kwa amani. Asubuhi alituletea mahamri na bakuli la mbaazi za nazi, akakaa nasi tukala, akaizunguka hema yetu ndogo akiibonyeza kwa kidole. Akatoa hukumu kwamba ni jambo jema kwa mtu asiye na ng'ombe wala mke.

Kongo na Diani

Maji yalipoanza kupwa tulishuka ufuoni, tukaufuata mchanga mpaka mto Mwachema unapokutana na bahari. Ng'ambo ya mto, penye mibuyu mikubwa, umesimama msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza ya Diani kutiwa msingi, na ambao mpaka leo husaliwa. Waliojenga pale hawakuagiza kitu ng'ambo: jiwe walilikata mwambani, chokaa waliipata kwa kuyachoma matumbawe yenyewe, na boriti waliikata mikokoni. Nilipoketi kivulini baada ya sala ya adhuhuri, na shanta yangu imeegemea shina la mbuyu, nililinganisha bila kutaka makao yale na makao yangu. Nailoni na poliesta hazina urafiki na jua letu. Zikianikwa kila siku hufifia, hukauka, kisha huchanika kwa kuguswa, hata hema isiyotafutiwa kivuli hufa kabla mwenyewe hajachoka na safari. Ukuta wa Kongo umepigana na jua hilo hilo kwa muda mrefu na haujasalimu amri.

Toka hapo kwenda kusini huanza ule mchanga mweupe wa Diani ambao umepeleka jina la pwani yetu Ulaya, laini hata hulia chini ya nyayo, na mbele yake mwamba unaovunja mawimbi mbali na ufuo. Uzuri wake sina haja ya kuusifu. Ila mwenye hema atagundua upesi kwamba mchanga ule ni wa kila mtu mchana, na usiku ukiingia ardhi yote iliyo juu ya mstari wa maji ina mwenyewe, ina ukuta, na ina bawabu mwenye tochi. Tuliuacha ufuo kabla ya magharibi, tukavuka barabara, tukapata ruhusa katika ua wa jamaa wa jamaa yetu, penye mwembe na kisima.

Katika miti ya huko wamo mbega, weusi, wenye nywele nyeupe ndefu mashavuni na mabegani, ambao hula majani na kumtazama binadamu kwa adhama ya makadhi. Magari yalikuwa yakiwaua barabarani, mpaka shirika la kuwahifadhi, lililoanzishwa hapo Diani mwaka 1997, likatundika ngazi za kamba juu ya njia, kutoka mti huu hata mti ule, nao wakajifunza kuvukia huko juu. Mbega hana shughuli na mkate wa msafiri. Mwenye shughuli ni tumbili, na mwenyeji wetu alitwambia mapema tusiache hata ganda la ndizi ndani ya hema, kwa kuwa tumbili wa Diani wamelelewa na watalii na hupasua wavu kwa kucha wakisikia harufu. Vyakula vyetu vyote vikalala jikoni kwake. Ukuta wa hema humzuia mbu. Tumbili na mwizi huuona pazia.

Mchana wa siku iliyofuata tulipumzika hapo, na ila ya pili ikajionyesha. Jua likishapanda, hewa iliyomo ndani ya hema huchemka hata mtu hawezi kukaa humo muda wa kusoma sura moja. Chumba hicho ni cha usiku peke yake, na anayedhani atapata humo qailula ya adhuhuri atatoka mbio akitafuta mwembe.

Kinondo

Kaya Kinondo iko karibu na bahari, upande wa kusini wa Diani, na ni mmojawapo wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mapokezi ya Wadigo huihesabu miongoni mwa makao yao ya mwanzo walipotoka Shungwaya. Mgeni hupokewa na mlinzi, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huambiwa avue kofia, asipige kelele, wala asitoke na kitu, hata jani lililokwisha kudondoka. Ndani ni kiza cha kijani: miti mikubwa imeshikana kwa mitambaazi minene, mizizi imelikumbatia jiwe la matumbawe, na ubaridi wake humfanya mtu asahau kwamba hatua chache tu nyuma alikuwa akitokwa na jasho. Tulionyeshwa mti ambao wageni huukumbatia na kuuambia shida zao. Binamu yangu aliukumbatia muda mrefu, nami kwa adabu sikumwuliza.

Wadigo aghalabu ni Waislamu, na misikiti yao imejaa. Walakini wazee wa kaya wameulinda msitu huu kwa amri za mababu, na amri hizo zimefanya kazi ambayo katika sehemu nyingine za pwani sheria za serikali zilishindwa kuifanya. Haikutujia hata katika fikira kutandika hema karibu na ukingo wake. Mlinzi alitupeleka kwake, mbali kidogo na msitu, akatuonyesha pembe ya uwanja iliyofagiwa, na baada ya chakula cha usiku, muhogo wa nazi na dagaa, mazungumzo yakaangukia watu waliopita nchi hii zamani na namna walivyolala.

Mwaka 1848 mmishenari Johannes Rebmann alitoka Rabai, ambako nako ziko kaya zilizomo katika orodha ile ile, akaenda Uchaga pamoja na wapagazi wachache, na watu wamekumbuka hasa mwavuli aliokuwa nao. Wazungu waliomfuata walisafiri kwa misafara mirefu, na hema ya bwana, kitanda cha bwana na meza ya bwana vilipanda juu ya vichwa vya watu, kila mpagazi akichukua ratili 60 au 70 kutwa kucha. Hema yetu ilikuwa ratili sita. Nadhani hii ndiyo fadhila kubwa kuliko zote ya kitu hiki cha leo, na ni fadhila ya insafu kabla haijawa ya raha: anayeilalia ndiye anayeibeba.

Chale

Chale ni kisiwa kidogo kilicho karibu sana na bara, baina ya Kinondo na Gazi. Bamvua likiwa kubwa, maji hujitenga hata mtu akavuka kwa miguu. Yakijaa, hapana njia ila chombo. Tulikuwa tumeipanga safari yetu kwa mwezi, tukafika pale mwezi umeshapevuka, na bahari ilipokwenda zake asubuhi iliuacha wazi uwanja mpana wa majani ya bahari, vidimbwi na matumbawe.

Tulivuka nyuma ya wanawake waliokuwa wakienda kutafuta pweza, kila mmoja na kikapu chake na chuma chake, leso zimefungwa juu ya magoti, macho yao yakisoma mashimo ambayo kwetu yalikuwa mawe tu. Njiani tuliona viti vya pweza vyekundu, majongoo ya bahari, na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi ambao humfunza mgeni kutazama anapokanyaga. Bahari hii, kutoka Diani hata Chale, ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1995, na mpaka leo ukizungumza na wavuvi juu ya tangazo hilo utapata maoni mengi kuliko samaki. Kisiwani penyewe mna hoteli katika sehemu moja, na trekta lake huwavusha wageni maji yakipwa. Sehemu nyingine ni msitu wa kaya, mzito, wenye mikoko pembeni, ambao wazee wa Kidigo huutukuza. Tuliuzunguka kwa staha bila kuuingia, kwa maana hatukuwa na idhini ya wazee, tukakaa juu ya jiwe upande wa bahari kuu tukatazama wimbi likivunjika, na mama mmoja alipotupungia mkono tulifahamu kwamba maji yamegeuka, tukarudi bara pamoja nao.

Usiku wa Chale tuliulala bara, katika uwanja wa mzee mmoja ambaye nyumba yake ya makuti huielekea ile njia ya maji, na hapo ndipo nilipoielewa hema yetu. Tulipokwisha kuisimamisha, mzee alikuja na fimbo yake, akaizunguka, akainama mlangoni, akatazama ndani, kisha akauliza kwa upole: "Na mgeni wenu mtamkalisha wapi?"

Hatukuwa na jawabu. Alituita barazani kwake, akatusimulia kwamba alihiji zamani, kabla ya moto wa mwaka 1997 ulioteketeza hema za Mina na kuua mahujaji kwa mamia, moto ambao baada yake zile hema za nguo ziliondolewa na kuwekwa nyingine zisizoshika moto upesi.

"Mina nililala hema moja na watu nisiowajua," akasema, "Mhindi huku, Mnaijeria kule, na aliyepita akitoa salamu aliingia akapewa chai. Hii yenu, mkishaingia ninyi wawili, imejaa. Hata malaika akija atasimama nje."

Maneno yake yalikuwa ya mzaha, lakini yalitaja ila ambayo hapana muuzaji anayeitaja. Nyumba ya pwani, hata ikiwa ya udongo na makuti, ina baraza, mahali ambapo mwenye nyumba huwa wa watu kabla ya kuwa wa wake. Na hema ndogo ina chumba cha ndani tupu. Mtu aliyemo humo amejisitiri, lakini hawezi kumkirimu mtu. Walakini nilipozidi kufikiri niliona kwamba upungufu huo ndio uliotupa safari yetu nzima. Kama hema yetu ingalikuwa kubwa, yenye ukumbi na viti, tungalijifungia humo tukala vya mikebe. Kwa kuwa ilikuwa ndogo ilitutoa nje kila jioni, ikatufanya watu wa baraza ya mgema, ya mlinzi wa kaya, na sasa ya mzee huyu, ambaye watu wa nyumbani kwake walituandalia wali wa nazi na changu wa kupaka, na kachumbari yenye pilipili ya kumtoa mtu machozi. Wajukuu zake, baada ya kula, waliomba waingie hemani. Wakaingia wote, wakacheka mpaka fito zikatikisika, na hapo tukapata hesabu sahihi ya idadi ya Wadigo wadogo wanaoenea katika hema ya watu wawili.

Gazi

Gazi ni kijiji cha ghuba na mikoko, chenye historia kubwa kuliko ukubwa wake. Hapa ndipo alipotawala Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa pia na ngome yake Mwele, milimani. Vita vya Wamazrui na Waingereza vilipowaka mwaka 1895 ngome hiyo ilishambuliwa na kuchukuliwa, na mwaka uliofuata Mbaruk akavuka mpaka na wafuasi wake, akaingia katika nchi iliyokuwa ya Wadachi, akaishi Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910.

Leo Gazi inajulikana kwa mikoko yake. Wanawake wa kijiji wametengeneza njia ya mbao inayopita juu ya matope, na mgeni akitembea humo hutajiwa miti kwa majina, mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, muia, mkomafi, kila mmoja na kazi yake, huu wa boriti, huu wa chombo, huu wa dawa. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, huhifadhi hekta 117 za msitu huo, na hewa ya ukaa inayozuiwa humo huuzwa kwa watu wa mbali; fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Nchi za viwanda zikilipa ili mchu wa Gazi usikatwe, ni biashara ambayo babu zetu, waliopakia boriti majahazini kwenda Uarabuni, wangeisikiliza kwa mashaka.

Mbu wa mikokoni hawahitaji maelezo. Magharibi walitoka kwa majeshi, na wavu wa ndani wa hema, tulioulaumu kwa kutunyima upepo, ukawa sitara yetu bora; tulilala bila dawa ya moshi wala shuka kichwani. Lakini usiku wa manane mawingu ya maleleji yalipasuka. Mvua ilipiga kwa nguvu, na tabaka la nje halikuingiza tone. Maji yaliyotulowesha yalitoka kwetu wenyewe: pumzi za watu wawili katika nafasi ndogo, milango imefungwa kwa ajili ya mvua, zilipanda zikagusa kitambaa baridi, zikageuka matone, zikatudondokea mpaka alfajiri. Hakuna hema ndogo iliyosalimika na jambo hili katika pwani yenye unyevu. Dawa yake ni kuacha upenyo wazi upande usio na upepo, na kutandika mkeka wa ukindu chini, ambao hauoni haya kulowa na hukauka kwa saa moja ya jua.

Msambweni

Tulifika Msambweni mchana, ufuo wake mpana umeachwa na maji, ngalawa zimelala ubavu, na watu wamelizunguka fungu la samaki wakinadi. Tuliianika hema juu ya ua wa makuti. Chumvi na mchanga vilikuwa vimekwisha kuishika zipu ya mlango hata haikukubali kwenda wala kurudi, na hiki ndicho kiungo kinachokufa kwanza katika hema yoyote ya pwani. Fundi cherehani aliyeketi kibarazani aliitazama bila mshangao, akaisafisha kwa maji baridi na mswaki, akaisugua kwa kipande cha mshumaa, ikatii. Kwa ujira wake alitaka habari za safari, tukampa kwa kina.

Atakayeniuliza sasa kama hema ya watu wawili yafaa kwa pwani ya kusini, nitamjibu kwamba yafaa kwa mtu anayejua ni kitu gani. Ni nyepesi, husimama juu ya jiwe, huzuia mbu na mvua, na haimtwishi mtu mwingine mzigo. Ina joto mchana, hutoa jasho usiku, hulika kwa jua na chumvi, na haina nafasi ya mgeni. Basi asiende nayo akidhani amepata nyumba ya kuhama nayo. Amepata kitanda tu, na kitanda huhitaji uwanja wa mtu. Na afike kabla ya magharibi, atoe salamu, aombe ardhi kwa mwenyewe, akae barazani mpaka usingizi umshike. Na kwa kuwa wenyeji wa Kwale hawamfukuzi mtu, akumbuke mwenyewe ile kanuni ya wazee, kwamba mgeni ni siku mbili na ya tatu hupewa jembe. Hema ikunjwayo kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa haimwachii mtu udhuru wa kuingoja siku ya tatu.